Kumsaka babu aliyeandikwa bila jina: mwongozo wa nasaba ya watumwa katika sensa za Marekani

Fungua daftari la watumwa la sensa ya Marekani ya 1860, kaunti yoyote ya Georgia au Alabama. Kushoto kuna jina la bwana. Mbele yake mistari inashuka: 40, mume, mweusi. 36, mke, mweusi. 17, mke, chotara. Wa mwisho ameandikwa 3/12, mume, mweusi. Huyo ni kichanga cha miezi mitatu. Jina hata moja hakuna. Mwaka huo walihesabiwa watumwa 3,953,760, na karibu wote waliandikwa namna hiyo.

Ukishaoa au kuolewa katika ukoo wa Wamarekani Weusi, watoto wako wana nasaba yenye pande mbili. Upande mmoja wazee wanausimulia mpaka kwa babu wa babu. Upande wa pili unakatika ghafla mwaka 1870. Mwongozo huu ni wa huo upande wa pili. Unafaa pia kwa yeyote anayemsaidia rafiki au jirani kwa kazi hii, maana haidai usomi. Inadai subira, daftari la kuandikia, na Kiingereza cha kutosha kusoma mwandiko wa makarani wa zamani.

Tangu mwanzo shika jambo moja. Sensa inakuonyesha mlango wa kubisha. Jina la mtu wako limo ndani, katika makaratasi ya mali ya yule aliyemmiliki. Kwa hiyo nusu ya kazi hii, tena ile nusu ngumu, ni kufuatilia ukoo wa wazungu ambao hauna haja nao. Anayeona kinyaa kuufuatilia atakwama pale pale walipokwama wengine.

Sensa ipi ina nini

Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Kuanzia mwaka huo hadi 1840, anatajwa kwa jina mkuu wa nyumba peke yake. Wengine wote, waungwana kwa watumwa, ni tarakimu. Mwaka 1820 watumwa waligawanywa kwa mafungu ya umri: chini ya 14, kisha 14 hadi 25, 26 hadi 44, na 45 kwenda juu. Mwaka 1830 na 1840 mafungu yakabadilishwa: chini ya 10, kisha 10 hadi 23, 24 hadi 35, 36 hadi 54, 55 hadi 99, na 100 kwenda juu. Ukilinganisha 1820 na 1830 fungu kwa fungu utajichanganya, kwa sababu mipaka haioani.

Mwaka 1850 na 1860 kila muungwana aliandikwa kwa jina, awe mweupe au mweusi, na watumwa wakawekewa daftari lao, ambalo kwenye tovuti za nyaraka limeorodheshwa kama "Slave Schedules". Safu zake ni jina la bwana, idadi, umri, jinsia, rangi, waliotoroka, walioachwa huru na wenye ulemavu. 1860 ikaongezwa idadi ya nyumba za watumwa. Ziko kaunti chache ambazo karani aliandika majina ya watumwa ingawa hakutakiwa: Bowie ya Texas na Scott ya Tennessee mwaka 1850, Hampshire ya Virginia, Boyd ya Kentucky na Camden ya North Carolina mwaka 1860. Kama ukoo wako umetokea huko, una bahati ya mtende.

Usisahau kwamba Weusi 488,070 walikuwa huru mwaka 1860, karibu mmoja kati ya kila tisa. Kabla hujaingia daftari la watumwa, tafuta kwanza daftari la waungwana la 1850 na 1860. Kuna watu waliohangaika muda mrefu wakimsaka bwana wa mtu ambaye hakuwa na bwana.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu kwa jina. Ile ya 1880 ikaongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na mahali walipozaliwa baba na mama yake. Ya 1890 iliunguzwa na moto wa Januari 1921 jijini Washington, na kilichosalia hakikufaidishi. Sensa ya 1900 ni tamu: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, idadi ya watoto ambao mama amezaa na wangapi wako hai. Sensa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, hivyo ya karibuni unayoweza kuisoma ni ya 1950.

Hatua ya kwanza: toka kwa aliye hai mpaka 1870, bila kuruka

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kurukia utumwani. Wanapata mtu wa 1870 mwenye jina la ukoo wao, katika jimbo lao, wanamchukua kuwa babu. Majina kama Washington, Johnson na Williams yamejaa kila kaunti. Bila mnyororo kamili wa vizazi, umechukua babu wa mtu mwingine.

Anza na bibi aliye hai. Muulize majina kamili, makanisa, makaburi, na jina la kijiji au njia panda walikoishi wazee, hata kama kijiji chenyewe hakipo tena. Muulize nani alimlea nani. Kisha rudi nyuma sensa moja moja: 1950, 1940, 1930, 1920, 1910, 1900, 1880, 1870. Kila kizazi kishindilie kwa karatasi nyingine isiyo sensa. Vyeti vya kifo vina safu ya baba na mama, ila majimbo ya Kusini yalichelewa kuvianzisha: Virginia 1912, South Carolina 1915, Georgia 1919. Maombi ya namba ya Social Security (mfuko wa pensheni wa taifa), yaliyoanza 1936, yanataja wazazi wote wawili kwa kauli ya mwombaji mwenyewe, na ni ya kuaminika kuliko cheti cha kifo, ambacho mtoa habari wake huenda alikuwa mkwe asiyejua. Kadi za kuandikishwa jeshini za 1917 na 1918 zina tarehe ya kuzaliwa. Zile za Juni 1917 ziliagizwa zichanwe pembe ya chini kushoto ikiwa mtu ni mwenye asili ya Afrika, kwa hiyo ukiona kadi haina pembe usidhani imeliwa na panya.

Pengo kubwa liko kati ya 1880 na 1900. Msichana aliyezaliwa 1881 akaolewa 1899 hataonekana katika nyumba ya wazazi wake kwenye sensa yoyote. Hapo zibia kwa vitabu vya ndoa vya kaunti, orodha za kodi, na daftari la 1890 la wanajeshi wa Muungano (upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyokomesha utumwa) na wajane wao. Hilo liliponea kwa majimbo ambayo kialfabeti yanaanzia katikati ya Kentucky hadi Wyoming, kwa hiyo Alabama na Georgia hazimo.

Unapotafuta kwenye faharasa za mtandaoni, usiweke kichujio cha rangi. Mtu mmoja huandikwa B (mweusi) mwaka 1870, M (chotara) mwaka 1880 na B tena 1900, kwa kutegemea jicho la karani. Jina nalo andika kwa namna zote zinazotamkika: Cicely, Sicily, Sisley. Likikataa kabisa, acha jina la ukoo wazi, weka jina la kwanza, umri na kaunti.

Hatua ya pili: ukurasa wa 1870 na majirani zake

Ukifika 1870 punguza mwendo. Sensa hii haisemi nani ni nani kwa nani. Mwanamke wa miaka 60 aliyeandikwa mwisho wa nyumba, kwa jina tofauti la ukoo, huenda ni mama wa mke, huenda ni mpangaji. Usiandike "mama" mpaka 1880 ithibitishe au karatasi nyingine iseme. Isitoshe, karani wa 1870 aliwakosa wengi katika Kusini. Usipomwona mtu wako haina maana kwamba hakuwapo.

Soma kurasa 10 kabla ya ukurasa wa familia yako na 10 baada yake, mstari kwa mstari. Chora jedwali: namba ya nyumba, jina, umri, rangi, mahali pa kuzaliwa, thamani ya ardhi. Unatafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni familia nyingine za Weusi zenye jina hilo hilo la ukoo, au zenye majina ya kwanza yanayojirudia. Mjukuu mara nyingi alikuwa somo wa babu yake, na majina kama Cato, Juba au Phillis yakirudi katika nyumba tatu jirani, hao wana udugu. Cha pili ni wazungu wenye ardhi ya maelfu ya dola, kwa sababu miaka mitano baada ya vita wengi walioachwa huru walikuwa bado wanalima kwa mkataba katika shamba lile lile au la jirani. Cha tatu ni wazee Weusi waliozaliwa mbali. Mzee wa miaka 65 aliyezaliwa Virginia na anaishi Mississippi ni alama ya safari: ama aliuzwa kwa wafanyabiashara, ama alihamishwa na bwana wake. Katika biashara hiyo ya ndani ya nchi na uhamaji wa mabwana, watu wapatao milioni moja walipelekwa Kusini ya ndani, majimbo kama Alabama na Mississippi, kati ya 1790 na 1860.

Angalia pia mipaka. Kaunti ya Grenada ya Mississippi iliundwa 1870. Ukitafuta makaratasi ya 1860 kwa jina hilo hutapata kitu, uende kwenye kaunti mama. West Virginia yote ilikuwa Virginia hadi 1863. Kabla ya kusema "nyaraka hazipo", uliza kwanza kama mahali penyewe palikuwa na jina hilo.

Hatua ya tatu: kumjua bwana wa mwisho

Njia ya mkato ambayo kila mtu huianza ni jina la ukoo: babu anaitwa Harper, basi bwana alikuwa Harper. Wakati mwingine ni kweli. Lakini wengi walichukua jina la bwana wa zamani, au la baba yao aliyekuwa shamba jingine, au jina walilolitumia wenyewe kwa wenyewe miaka yote bila bwana kujua. Ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa kwa mnada waliweza kuibuka 1870 na majina matatu tofauti. Lichukulie jina kuwa fununu, kisha utafute shahidi.

Mashahidi wazuri ni wale walioandika kauli ya mtu mweusi mwenyewe. Benki ya Freedman's Savings, iliyofanya kazi 1865 hadi 1874, iliwauliza waweka akiba wake mambo ambayo benki ya leo haiulizi: umezaliwa wapi, umelelewa wapi, mume au mke ni nani, watoto, baba, mama, kaka na dada, walio hai na waliokufa, baadhi ya fomu zikauliza na jina la bwana na bibi wa zamani. Daftari zilizosalia zina majina yapatayo 480,000. Usimtafute babu yako peke yake. Huenda hakuwa na akaunti, lakini dada yake aliyehamia Savannah akawa nayo, na katika fomu yake akamtaja.

Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyoanzishwa Machi 1865 kuwahudumia walioachwa huru na kufungwa 1872, ilitunza mikataba ya kazi, orodha za mgao wa chakula, malalamiko na ndoa. Mkataba wa 1865 au 1866 kati ya mwenye shamba na "watu wake" mara nyingi ni orodha ya wajoli (watumwa wa bwana mmoja) wale wale waliokuwa chini yake mwaka uliotangulia. Ni karatasi iliyo karibu kabisa na siku ya uhuru, ndiyo maana tunaithamini kuliko sensa.

Virginia iliandikisha wanandoa waliokuwa wakiishi pamoja tarehe 27 Februari 1866, na daftari zake, kwa kaunti chache zilizobaki nazo, zinataja umri, mahali pa kuzaliwa, bwana wa mwisho wa mume, bwana wa mwisho wa mke, na watoto. North Carolina nayo iliandikisha ndoa za namna hiyo 1866, ikiuliza wameishi pamoja muda gani. Maryland ilikomesha utumwa tarehe 1 Novemba 1864, na mwaka 1867 ikakusanya orodha za watumwa kwa majina kama walivyokuwa siku hiyo, kwa tamaa ya mabwana kulipwa fidia. Washington yenyewe ililipa fidia ya hadi dola 300 kwa kila mtu mwaka 1862, na maombi ya mabwana yamejaa majina na maumbile. Tamaa ya fidia imetuhifadhia majina mengi.

Halafu kuna askari. Weusi wapatao 179,000 walipigana katika jeshi la Muungano. Faili la pensheni la askari au mjane wake, linaloombwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka jijini Washington, linaweza kuwa na kurasa mia na zaidi. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa isiyo na cheti, kwa hiyo waliitwa wajoli wa zamani kutoa ushahidi: nani aliwaoza, kwenye shamba la nani, mwaka gani, bwana alikufa lini na watu wakagawanywaje. Hata kama babu yako hakuwa askari, tafuta askari wa kaunti yake. Anaweza kuwa shahidi katika faili la mwingine.

Katika magazeti, tafuta matangazo ya waliopotezana. Safu ya "Lost Friends" ya gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans, kuanzia 1879, ina barua za watu wanaomtaja bwana wa kwanza, mfanyabiashara aliyewanunua, na majina ya ndugu walioachwa nyuma.

Hatua ya nne: kulinganisha na daftari la 1860

Sasa una majina mawili au matatu ya wazungu unaowashuku. Fanya hesabu. Chukua familia ya mfano: mwaka 1870 baba ana 45, mama 38, watoto 19 (mume), 16 (mke), 13 (mume), 8, 5 na 2. Sensa ya 1860 na ya 1870 zote huhesabu umri wa tarehe 1 Juni, hivyo toa 10 kamili: baba 35, mama 28, watoto 9, 6 na 3. Watatu wa mwisho walikuwa hawajazaliwa, wafute. Katika orodha ya bwana unayemshuku tafuta wanaume wa miaka 30 hadi 40, mwanamke wa 24 hadi 32, na watoto wenye jinsia sahihi kwa tofauti isiyozidi miaka miwili. Umri wa watu wazima uliviringishwa; utaona 30, 35, 40, 50 nyingi kupita kiasi, kwa sababu aliyejibu alikuwa bwana au msimamizi, na alikisia. Umri wa watoto ni sahihi zaidi, kwa hiyo waamini watoto kuliko baba yao.

Baba akikosekana usimfute bwana huyo haraka. Ndoa za mashamba mawili zilikuwa nyingi: mume kwa bwana huyu, mke kwa bwana yule, mume akienda kwa pasi, yaani kibali cha bwana wake, Jumamosi usiku. Watoto walikaa kwa bwana wa mama. Hapa msomaji wa pwani anayejua habari za masuria aangalie asipotee: kwetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alimfuata baba akawa muungwana. Virginia iliamua kinyume mwaka 1662, kwamba mtoto hufuata hali ya mama, na makoloni mengine yakafuata. Mtoto wa bwana mwenyewe aliandikwa mtumwa, pengine chotara wa miaka 4 katika mstari wa kumi na moja, mali ya baba yake. Kwa hiyo, ukitafuta mahali mtoto alipoandikwa, fuata mama.

Mpangilio wa mistari nao una maana. Makarani wengi waliandika kuanzia mkubwa hadi mdogo, na hapo familia zimevurugwa. Ukiona umri unapanda na kushuka, 34, 29, 8, 5, 1, halafu tena 41, 38, 12, karani huenda aliandika kibanda kwa kibanda, na hizo ni familia.

Jina lililo kwenye safu ya bwana linaweza kuwa la mwajiri aliyewakodi, la mlezi wa watoto yatima, au la marehemu ambaye mirathi yake haijagawanywa. Mwenye mashamba katika kaunti mbili ataonekana mara mbili. Mtafute kila mmoja katika daftari la waungwana la mwaka huo huo: umri wake, mke, watoto, mahali walipozaliwa watoto. Watoto wa kizungu waliozaliwa South Carolina, kisha Georgia, kisha Alabama, ndiyo ramani ya njia waliyopitishwa watu wako.

Pamoja na yote hayo, umri kuoana bado hakujathibitisha kitu. Katika kaunti yenye watumwa 10,000, familia ya mtu mzima wa 35 na watoto watatu itaoana na mabwana kumi. Daftari la 1860 linafaa zaidi kwa kuondoa: bwana mwenye watumwa wawili wazee hawezi kuwa bwana wa familia yako yote.

Hatua ya tano: makaratasi ya mali

Hapa ndipo majina yalipo. Nenda mahakama ya kaunti, ana kwa ana au kwa picha zilizowekwa mtandaoni. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch haitozi kitu, ila ujiandikishe, na tangu 2024 inayo njia ya kutafuta maneno ndani ya mwandiko wa hati za ardhi na mirathi bila kutegemea faharasa. Andika jina la ukoo la bwana, jina la kwanza la mtumwa, na neno ambalo karani wa enzi hizo angelitumia: "negro", "slave", "girl". Hayapendezi, lakini ndiyo yaliyoandikwa.

Anza na kifo. Bwana aliyekufa kati ya 1840 na 1865 ameacha wosia, orodha ya mali iliyopangiwa bei na wathamini, hesabu za msimamizi wa mirathi kila mwaka, na mgawanyo wa warithi. Kwa watumwa kifo cha bwana kilikuwa ndiyo hofu kubwa, maana hapo ndipo watu waligawanywa na kuuzwa kulipa madeni. Kwako wewe ndiyo siku ambayo karani aliandika majina yao wote kwa mpangilio. Mstari wa kawaida huwa namna hii: mwanamke fulani na mwanawe mchanga, dola 850. Hapo una mama na mtoto waliounganishwa na mtu aliyewaona. Usisome wosia ukaacha. Wosia mara nyingi husema "watumwa wangu wote kwa mke wangu", halafu orodha ya mali, miezi miwili baadaye, inawataja mmoja mmoja. Mtoto wa bwana akiwa yatima, mlezi wake alipeleka hesabu mahakamani kila mwaka, akionyesha nani amekodishwa kwa nani kwa bei gani.

Bwana akiwa hai mpaka baada ya vita, tafuta kifo cha baba yake, na cha baba mkwe wake. Binti wa kizungu alipoolewa alipewa watu kama mahari ya kwenda nayo, kwa hati ya zawadi iliyoandikishwa. Mtumwa ambaye jina lake la ukoo halifanani na la bwana wake wa 1860 mara nyingi amekuja na bibi, yaani mke wa bwana. Lipime jina la ukoo la bibi huyo kabla hajaolewa.

Kisha vitabu vya hati: za kuuza, za zawadi, na za rehani. Rehani husahaulika, nayo ni hazina, kwa sababu mwenye shamba aliyekopa aliweka watu dhamana na mkopeshaji akataka watajwe kwa jina na umri. Louisiana ina namna yake: sheria yake iliwahesabu watumwa pamoja na mali isiyohamishika, kwa hiyo mauzo yalipita kwa mthibitishaji wa hati, na hati za wathibitishaji wa New Orleans zimetunzwa jijini humo. Virginia, kuanzia 1853, iliandika vizazi vya watumwa kwa jina la mama na la bwana.

Kama mtu wako alipelekwa kwa bahari, kuna orodha za abiria. Sheria ya 1807 iliyopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, kuanzia Januari 1808, ilidai pia kila meli ya pwani inayohamisha watumwa iwe na orodha ya jina, jinsia, umri, kimo na rangi. Mfano unaoonyesha zinavyofanya kazi ni wa 1838, Wajesuiti (shirika la mapadri Wakatoliki) wa Maryland walipouza watu 272 kwa dola 115,000 kwenda Louisiana, sehemu ya fedha hiyo ikakinusuru chuo cha Georgetown. Orodha ya mauzo, orodha za meli, rehani za Louisiana na daftari za ubatizo ziliunganishwa, na wazao wao wakatambulika kwa majina. Hata hapo, mtu anafuatwa kwa makaratasi matano yanayokubaliana.

Mahakama nyingi za Kusini ziliungua. Kaunti yako ikiwa miongoni mwa hizo, tafuta nakala zilizotoka nje ya mahakama kabla ya moto: barua na daftari za mashamba zilizotolewa kwa maktaba za vyuo, kesi za rufaa za jimbo, daftari za makanisa, na madai ya fidia ya vita yaliyopelekwa Washington kuanzia 1871.

Vipimo vya damu, na ndoto ya Kilwa

Vipimo vya vinasaba husaidia pale makaratasi yanapokaribia kukutana. Mpime aliye mzee kuliko wote katika ukoo kwanza. Kila kizazi kinachopita hupunguza nusu ya vinasaba vya babu. Binamu wa tatu au wa nne wenye asili ya kizungu, wote wakishuka kutoka kwa mzungu mmoja wa kaunti hiyo hiyo, ni ushahidi wa kuzaa, na bado hauonyeshi bwana alikuwa nani; baba angeweza kuwa mwanawe, mpwa wake au msimamizi.

Asilimia za "nchi ya asili" zichukuliwe kwa kiasi. Msomaji wetu hutamani ramani iangukie Kilwa au Bagamoyo. Wengi mno wa waliopelekwa Marekani walitoka pwani ya magharibi, Senegambia hadi Angola; waliotoka Msumbiji na Madagascar walikuwepo, ila wachache.

Namna ya kuandika unachopata

Kila bwana unayemchunguza mfungulie ukurasa wake: ulitafuta nini, kitabu gani, ukurasa wa ngapi, hukupata nini. Aliyeondolewa andika sababu ya kuondolewa, la sivyo baada ya mwaka utamrudia tena. Katika mti wa ukoo weka "huenda" kwa kila kiungo kilichosimama juu ya umri na jirani tu, na usiuweke wazi mtandaoni; "huenda" hupotea ukinakiliwa mara ya pili.

Unaponakili orodha ya mali, nakili wajoli wote, pamoja na bei na mpangilio wao kama ulivyo. Yule anayeitwa Hannah katika mstari wa juu ya babu yako huenda humjui leo. Mwaka 1870 atakuwa nyumba ya pili kutoka kwake, na 1880 mtoto wake ataandikwa "mpwa" ndani ya nyumba ya familia yako.